Fundi Matimba Baharini

Mhunze, Kishapu
12 Mei 2024

Mdogo wangu Ndaki,

Mwangaluka. Sisi huku hatujambo wote, ukiacha wewe ambaye hatujui. Dorah amefaulu mitihani yake na sasa anatusahihisha tukiongea. Baba Dorah goti linamsumbua, ingawa linamsumbua zaidi siku za palizi kuliko siku za mnada. Pamba ya mwaka huu ni ya kuombewa kama marehemu. Mvua ilikatika mapema, na kidogo kilichobaki wadudu wamekula bila kutushirikisha. Dengu zimeanza kukomaa. Ng'ombe mweupe amezaa dume.

YAH: KUONDOKA KWAKO BILA KUAGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unajua mimi ni katibu wa kigango na katibu wa chama cha kuzikana, siwezi tena kuandika barua isiyo na Yah. Utanivumilia.

Mwezi wa tatu tulisikia kwamba duara lenu la kuchimbia dhahabu limejaa maji ya mvua na wachimbaji mmetawanyika. Wenzako walirudi makwao. Nasi tukakusubiri, nikapika mara mbili. Mwisho wa Aprili ndipo Melania, yule mama lishe wa pale Bulyanhulu, akanitumia kikaratasi ulichomtumia kwa basi. Kina jina lako na jina la mji ambao hapa Mhunze hakuna aliyewahi kuusikia. Nilimwuliza mwalimu wa jiografia, akatafuta kwenye ramani, akasema huo mji uko baharini. Nikamwuliza ndani au kando. Akasema kando, nikamshukuru Mungu.

Simu yako haipatikani tangu Pasaka. Kwa hiyo nauliza kwa maandishi: unafanya nini huko, na unarudi lini? Una miaka arobaini na mitatu. Huna mke, sawa, hilo tumeshalizungumza na tutalizungumza tena, lakini kazi unayo. Baba alikuwa mmoja wa watu saba walioanza kuchimba lile duara, na nafasi yake ndiyo hiyo uliyoishika wewe. Benjamini msimamizi aliniambia mwenyewe kwamba watu wakishuka mle wanatazama juu, wanaona magogo uliyoyapanga kuzuia mwamba, halafu wanafanya kazi kwa amani. Mtu anayesemwa hivyo hapotei tu.

Nakutumia michembe ya viazi kwa basi. Usigawe yote.

Dada yako,
Mariana (Mama Dorah)
Katibu


Mikoko Miwili
27 Mei 2024

Dada Mariana,

Shikamoo. Mpe shemeji salamu zangu na pole ya goti. Mpongeze Dorah, na umwambie barua hii asiisahihishe. Michembe imefika. Niligawa kidogo. Niliyempa aliuliza ni dawa ya nini.

Simu ipo, ina chaji na ina salio. Nimeizima. Kwenye simu wewe huuliza, halafu unajibu mwenyewe, halafu unanigombeza kwa jibu ulilolitoa wewe. Kwenye karatasi itabidi unisubiri.

Umeuliza nafanya nini. Nilipanda basi Kahama nikamwambia kondakta anishushe mwisho wa njia. Mwisho wa njia ukawa Dar es Salaam, pana watu wengi mno, nikapanda jingine. Hilo nalo likaishia hapa. Mji una barabara moja na wanaoitumia zaidi ni mbuzi. Nimepanga chumba chenye dirisha. Watu wananisalimia vizuri na hawaniulizi chochote, na hilo limenifurahisha kuliko bahari.

Siku ya nne nikaona mwanamke mtu mzima amesimama juu ya maji. Sikuwa nimekunywa. Alikuwa juu ya ubao, wimbi linamsukuma kuja nchi kavu, naye amekunja mikono nyuma kama mkaguzi. Alipofika mchangani akashuka, akabeba ubao wake kwapani, akapita. Nikamfuata.

Anaitwa Ghati, ni Mkurya wa Tarime, mstaafu wa jeshi, amezidi sitini. Kuna mzungu alianza kujenga hoteli hapa, akashindwa, akaondoka, akamwachia mbao sita za kupandia mawimbi. Huwafundisha wageni wakija. Wageni hawaji. Aliponiuliza nataka nini nilishindwa kusema, kwa hiyo nikaugonga ule ubao kwa vifundo vya vidole, nikasikiliza.

"Unabisha hodi kwa nani?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba mimi ni fundi matimba, napanga magogo ya kuzuia mwamba mgodini, na ndivyo tunavyopima gogo: lililo zima linajibu kwa sauti moja, lililopasuka linajibu kwa mbili. Akasema huu ni povu lililovikwa plastiki, halijibu, panda.

Sijui kuogelea. Mtu wa Kishapu ataogelea wapi, wakati lambo lenyewe ng'ombe wamesimama ndani? Kwa hiyo wiki mbili za kwanza nimefundishwa kuelea, maji yakiwa kiunoni, nimevaa jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa. Wanawake wanaochimba chaza huja kutazama. Mmoja huleta kigoda chake.

Narudi lini, sijapanga. Kuhusu duara, maji bado ni mengi. Hakuna haraka.

Mdogo wako,
Ndaki


Mhunze
9 Juni 2024

Ndaki,

Marahaba. Tuko wazima. Dengu tumevuna, si haba, si nyingi. Philomena wa Mwadui, yule mjane mwenye cherehani, amekuulizia. Nilimwambia uko baharini unajifunza kuelea. Akabadilisha mazungumzo.

YAH: NAFASI YA FAMILIA KATIKA DUARA

Haraka ipo. Benjamini ameleta pampu mbili na maji yanashuka kila siku. Anasema duara litafunguliwa tarehe mosi Agosti, na familia zote saba zilete watu wao kabla ya siku hiyo. Familia isiyoleta mtu nafasi yake wanapewa wengine. Ninajua Baba aliipataje nafasi ile. Ninajua alikohoa miaka mingapi kwa ajili yake. Haiwezi kwenda kwa wengine kwa sababu wewe unaelea.

Sasa nikwambie jambo usicheke. Baba Dorah amekopa buti za mpira kwa jirani na amezivaa sebuleni siku tatu. Nilimwuliza kuna nini, akasema anazizoesha. Jana kaingia chini ya meza na tochi, akakaa humo kitambo, akatoka akasema giza si kitu. Ana miaka hamsini na mbili. Akiinama kuokota kijiko anatamka majina ya watakatifu. Lakini pamba ndiyo hiyo niliyokueleza, na mwanamume akikaa sana nyumbani anaanza kupanga upya vyombo vyangu.

Kwa hiyo ama urudi wewe, ama atakwenda yeye. Nijibu hilo tu. Mambo ya jaketi la machungwa yanaweza kusubiri.

Mariana
Katibu


Mikoko Miwili
25 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko salama, na Philomena mwambie sasa naelea bila jaketi.

Shemeji asishuke kwenye duara. Tafadhali usimruhusu.

Huku tunaendelea vizuri. Nimeruhusiwa kupanda ubao nikiwa nimelala kifudifudi. Hilo nililiweza siku ya kwanza, maana kulala kifudifudi mahali pembamba ndiyo kazi yangu kwa miaka kumi na sita. Ghati akasema ameona mwanafunzi mwenye kipaji. Halafu akaniambia nisimame, kipaji kikaishia hapo.

Tatizo langu ni kwamba nikiinuka nainamisha kichwa. Nafika nusu, nakunja shingo, nalinda utosi kwa mkono, ubao unapinduka, nakunywa chumvi. Mara ishirini kwa siku. Ghati alidhani nina ugonjwa. Alipogundua akasimama ndani ya maji, akaonyesha juu kwa kidole. "Ndaki, hapa hakuna dari." Nilitazama. Ni kweli hakuna. Nikapanda tena, nikainama tena. Kichwa kinajua, shingo haitaki kuamini.

Jumanne iliyopita nilikosea vibaya. Nilichoka, nikatoka majini, nikauacha ubao ukingoni, nikaenda kununua muhogo wa kuchoma. Ghati alikuwa bado kule ndani anangoja wimbi. Sikumwambia kwamba natoka. Wimbi likauchukua ule ubao, na alichokiona yeye alipogeuka ni ubao unaelea hauna mtu. Alinitafuta karibu nusu saa. Alipiga mbizi hadi macho yakawa mekundu. Akaja kunikuta nakula muhogo na pilipili.

Sijawahi kutukanwa Kikurya. Maneno sikuyaelewa, lakini hakuna nilichokosa. Halafu akatulia, akaniambia kwa Kiswahili kwamba majini sheria ni moja tu, anayetoka anawaambia waliobaki. Nikamjibu kwamba sikujua.

"Ulijua," akasema.

Muhogo ulikuwa umebaki nusu. Sikuumaliza.

Samahani, barua imekuwa ndefu. Nirudie kwamba shemeji asishuke.

Ndaki


Mhunze
8 Julai 2024

Ndaki,

Tumepokea barua yako. Ina kurasa tatu. Kuhusu bahari ni kurasa tatu kasoro mistari mitatu, na hiyo mistari mitatu ndiyo niliyokuuliza.

YAH: SABABU

"Shemeji asishuke." Kwa nini? Umeandika sababu ya kuinamisha kichwa. Umeandika sababu ya ubao kupinduka. Umeandika hadi muhogo ulibaki kiasi gani. Kuhusu mume wangu umeandika amri, kama mkuu wa wilaya.

Nilimsomea. Akasema una wivu, kwamba unaogopa ataonekana hodari kuliko wewe. Sasa kila asubuhi anapanda ngazi ya ghala na kushuka mara kumi akiwa na ndoo. Majirani wameanza kuja kutazama, nasi tuna wanawake wenye vigoda.

Tarehe 20 mwezi huu tunakaa kikao cha familia. Nipe sababu moja, iwe ya kweli, niisome pale. Kama ni ugonjwa, sema. Kama umegombana na Benjamini, sema. Kama umeoa huko, sema, tutalia kidogo tutazoea. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni wewe, Ndaki, tangu hujaota meno. Unapoficha kitu najua. Nisichojua ni kitu gani, na hilo linaninyima raha hata nikiwa kanisani.

Mariana


Mikoko Miwili
4 Agosti 2024

Dada Mariana,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara tatu, na kikao najua kimeshapita. Niliihesabu ile siku hadi jioni yake.

Nilitaka kusema kwamba sababu ni goti la shemeji. Ngazi za duara ni ndefu na goti lake si zima. Hiyo ni kweli. Kama kikao kilitaka sababu, ndiyo hiyo.

Nimesimama. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, maji yametulia, wimbi dogo la kiunoni. Niliinuka, nikasahau kuinama. Sijui nilisahau vipi. Nilikuwa nimesimama wima, mikono imetanuka, na juu yangu hakuna kitu kabisa hadi mbinguni. Ghati anasema zilikuwa sekunde nne. Wale wanawake wa chaza walipiga vigelegele, na yule wa kigoda akasimama pia. Nilifurahi sana, dada. Nilifurahi hadi nikaanza kulia, nikaanguka, chumvi ikaingia juu ya chumvi.

Nilipoibuka nikapaza sauti, "Nipo!" Ndivyo anavyotaka Ghati, ukianguka ukaibuka unasema upo. Na ukitoka unasema natoka. Sasa nasema kila siku. Si jambo gumu. Ni neno moja, na mtu mzima anaweza kulisema. Usiku huu nakaa nikilifikiria hilo neno moja nashindwa hata kula.

Tafadhali niambie kikao kiliamua nini. Kama shemeji bado yuko nyumbani, mwambie anisubiri, nitamwandikia mwenyewe. Kuna jambo la kumwambia.

Ndaki


Mhunze
13 Agosti 2024

Ndaki mdogo wangu,

Marahaba. Nimeipata barua yako jana. Dorah hajambo. Ng'ombe hawajambo.

YAH: MAHALI ALIPO BABA DORAH

Nimekuficha jambo, na leo naliandika. Baba Dorah alishampelekea Benjamini jina lake tangu mwanzo wa Julai, kabla hata ya kikao. Kikao kilikuwa cha kunywa chai. Aliondoka tarehe 30 Julai na buti za watu. Kwa majirani nimesema amekwenda kutibiwa goti Bugando. Wewe sikukuandikia kwa sababu niliona aibu: mwanamume mwenye ng'ombe na shamba lake, mwenyekiti mstaafu wa kitongoji, kwenda kuanza uchimbaji uzeeni kwa kuwa shemeji yake yuko baharini anasimama kwa sekunde nne. Nilikuwa na hasira nawe. Bado ninayo kidogo.

Jumapili alipiga simu kutoka kilimani, maana kule chini hakuna mtandao. Anasema hapaogopeshi kama watu wanavyosema. Kwa sababu ya uzito wake hawamshushi hadi chini kabisa, wamempanga kituo cha tatu, anapokea viroba vya mawe na kuvipandisha. Anasema pale kituo cha tatu pana gogo lako kubwa, umelifunga na gunia katikati, na saa ya chakula huegemea hapo na kusinzia. Anasema akiegemea kazi ya shemeji yake anajisikia yuko nyumbani. Aliniomba nikuandikie hivyo, eti umsamehe kwa ile habari ya wivu.

Nimekuandikia.

Sasa niambie hilo jambo ulilotaka kumwambia.

Mariana


Mikoko Miwili
22 Agosti 2024, asubuhi

Dada,

Barua yako nimeipata jana saa kumi. Mtoe shemeji. Mtoe leo.

Gogo la kituo cha tatu limepasuka. Lile gunia nililifunga mimi kuficha ufa. Februari, siku chache kabla ya mvua kubwa, nilikuwa pale peke yangu, nikaligonga likajibu kwa sauti mbili, halafu likalia lenyewe kabla sijaligonga tena. Chini yangu walikuwa watu wanne. Kazi ya fundi matimba akisikia hivyo ni kupaza sauti "Tokeni!", halafu yeye anatoka wa mwisho. Mimi nilitoka wa kwanza, na sikupaza sauti. Nilipanda ngazi zote, nikafika juu, nikakaa kwenye jiwe, nikaomba maji ya kunywa. Benjamini aliniuliza vipi, nikasema nimepata kizunguzungu.

Halikuanguka. Wale wanne walitoka jioni wakiimba. Mmoja alinipa pole ya kizunguzungu. Kesho yake nilishuka nikafunga gunia, nikasema moyoni nitalibadilisha wiki ijayo, na wiki hiyo maji yakajaa. Nikaondoka. Ningewaambia gogo limepasuka wangeniuliza nimejua lini.

Jana nilikupigia kwa simu yangu mara tisa, hupatikani, nadhani simu yako iko dukani inachajiwa. Nikampigia Benjamini. Alipokea. Nikamsalimia, nikamwuliza hali ya mvua, nikamwuliza familia. Akasema wote wazima. Nikakata. Dada, nilikuwa na neno hilo mdomoni nikauliza hali ya mvua! Mwezi wa nane!

Nimemweleza Ghati. Hakunitukana. Amenipeleka kituo cha basi mwenyewe na amesimama mlangoni hadi liondoke, nadhani anaogopa nitashuka. Barua hii nampa aitume. Nafikiri nitafika kabla yake, lakini naiandika, kwa sababu safari hii nataka iwepo mahali.

Ndaki


Kahama
25 Agosti 2024

Dada Mariana,

Shikamoo. Shemeji yuko hai, na nafikiri atakuwa ameshafika nyumbani ukisoma hii. Aligoma kupanda basi moja na mimi. Nakuandikia ujue ilivyokuwa, maana yeye atakueleza kwa kelele.

Nilifika duarani jana saa nne asubuhi. Benjamini alikuwa mdomoni mwa shimo na daftari la mahudhurio. Akafurahi kuniona. Nikasema kabla hajamaliza kufurahi. Nilisema yote: gogo, gunia, Februari, watu wanne, kizunguzungu. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa hiyo wa kwenye karasha la kusaga mawe nao wakasikia, wakazima mashine.

"Tangu Februari?"

"Tangu Februari."

"Na ulitoka?"

"Nilitoka."

Benjamini alitikisa kamba ya kengele, watu wakaanza kupanda. Kila anayefika juu anaambiwa, ananitazama, anapita. Shemeji alitoka wa mwisho kwa ajili ya goti, anahema, uso umejaa vumbi. Aliponiona akanikumbatia. Akaniuliza kama nimemletea samaki. Ndipo wakamwambia. Alitazama mikono yake iliyokuwa bado begani kwangu, akaiondoa mmoja mmoja, akaenda kukaa mbali na mimi. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote.

Gogo lilikuwa bado limesimama, na haliwezi kuachwa hivyo. Nikasema nitashuka. Nilitetemeka tangu kituo cha kwanza, sikufichi, miguu ilikuwa inacheza kwenye ngazi hadi Benjamini aliyenifuata nyuma akauliza kama kuna tetemeko. Nikamwambia ni mimi. Tuliweka magogo mawili mapya pembeni, ndipo tukalitoa la zamani. Lilikatika mikononi mwetu. Benjamini alikaa chini, akavua kofia. Alisema jina la shemeji, Mageni, mara mbili.

Tulipofika juu akaniambia kwamba fundi matimba asiyesema si fundi, na kwamba nafasi ya familia yetu imeishia hapo. Wazee wa zile familia sita waliitikia kwa vichwa. Sikubishana. Nilikwenda kwa Melania kunywa chai, akaniwekea kikombe, akaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Nimepanga chumba hapa stendi. Sijui niende wapi. Baharini naweza kurudi, Ghati alisema ubao wangu hataupa mtu. Nyumbani sijui kama naweza. Naomba unisamehe kwa nafasi ya Baba. Naomba unisamehe kwa Mageni. Nilimwacha chini ya kitu ambacho mimi mwenyewe nilikikimbia, halafu nikakuandikia habari za goti.

Ndaki


Mhunze
30 Agosti 2024

Ndaki,

Marahaba.

Barua yako ya tarehe 22 imefika jana. Ya tarehe 25 ilifika juzi. Nimezipanga zilivyoandikwa na nimezisoma hivyo, kwa kuwa nilitaka kukuchukia kwa utaratibu. Nilipofika ya pili nilishindwa kuendelea.

YAH: KURUDI KWAKO NYUMBANI

Nafasi ya Baba imekwenda. Niliilia Jumatatu, siku nzima. Jumanne nilikuwa na choroko za kupepeta.

Baba Dorah alifika Jumamosi usiku akaeleza yote, na Mhunze yote inajua. Nilijua watajua, kwa hiyo Jumapili baada ya matangazo nilisimama nikalisoma jambo hilo mwenyewe: mdogo wangu alifanya hivi, halafu akafanya hivi. Wengine waliguna. Padri alisema asante katibu. Philomena alikuwepo, na baadaye akaniuliza kama huko baharini wanawake nao huruhusiwa kupanda ubao. Nilimwambia akuulize wewe.

Baba Dorah anakutukana. Anaanza asubuhi kabla ya kunawa, anaendelea hadi mchana, anapumzika kidogo, anamalizia jioni. Ameshakuita majina ambayo sikujua anayajua. Siku ya kwanza nilitaka kukutetea. Halafu nikakaa jikoni nikamsikiliza. Ana sauti nzito, inapita ukutani, inafika hadi zizini. Nilikaa nikafikiria jinsi nyumba hii ingekuwa kimya, na nikamwacha atukane. Jana alipoishiwa nilimkumbusha jina moja alilolisahau. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, mdogo wangu, na bado nina hasira nawe, na nimechoka kuzibeba zote mbili peke yangu.

Tarehe 7, Jumamosi, uwe hapa kabla ya chakula cha mchana. Usiniandikie kwamba unafikiria. Nimemwambia Baba Dorah unakuja. Amesema kwa mdomo wake kwamba hatakula sahani moja na wewe maisha yake yote.

Nimeandaa mbili.

Mariana